Mlango wa Uani

Mwaka 1572, huko Cologne, Ujerumani, kilitoka kitabu cha picha za miji ya dunia, *Civitates Orbis Terrarum*. Georg Braun alikihariri, Frans Hogenberg akachonga picha nyingi kwenye bamba za shaba. Ukurasa mmoja una miji minne: Aden juu, chini yake Mombasa, Kilwa na Sofala. Niliuona kwenye simu, nimekaa nje ya duka hapa Kibarani, maana ndani mtandao haushiki.

Mombasa hiyo haina Fort Jesus. Hilo sawa, Wareno walianza kuijenga 1593. Lakini Hogenberg mwenyewe hakuwahi kukanyaga Pwani. Alichonga kwa habari za kuletewa. Na ukichonga shaba unachora kinyume, kushoto kuwe kulia, ndio karatasi ikibanwa kwenye wino picha itoke sawa. Nilimcheka kidogo. Jamaa anachora mji wa watu bila hata kuuona, na nakala zake bado zinauzwa mpaka leo.

Kicheko kiliisha wiki hiyo hiyo.

Nyumba ya Hawe ilianguka mvua za masika. Udongo ulilowa, fito zikaachia, makuti yakalala chini. Hakuna aliyekuwa na picha yake. Sisi tulipiga picha watu. Nyumba ilikuwa pale nyuma, kipande cha ukuta, ndoo. Mjomba ameshaleta mawe ya kujenga upya, vyumba viwili na bati. Hawe akaniita: "Nichorere ile yangu kabla hawajafyeka. Wewe si ndiye ulisomea majumba?"

Nilisomea, ndio. Mwaka mmoja na nusu, halafu karo ikakatika na mimi nikakatika nayo. Siku hizi naandika makala za kulipwa kwa neno. Hawe hakuna aliyemwambia, au ndivyo nilivyodhani.

Nilichora usiku kucha. Baraza, mtungi, boriti ya mkoko iliyopinda. Asubuhi akaishika karatasi, akaisogeza mbali na macho.

"Mlango wa uani uko upande gani hapa?"

Kushoto. Nimelala nyumba ile miaka tisa, nikauweka kushoto.

"Hawe, chuo nilitoka zamani."

"Najua. Mamako alinieleza." Akanirudishia karatasi. "Mlango ulikuwa kulia, moshi utoke. Futa."

Sikuwa na raba. Nikaenda dukani.