Usilichore Ubaoni

Muheza, Tanga

Kwako mpwa wangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na kuisoma. Unasema huko Shinyanga umepewa hesabu za darasa la sita, watoto 80 chumba kimoja, na mada ya maumbo ndiyo inayokutia tumbo joto kwa sababu shule haina kifaa hata kimoja cha kuonyeshea. Umeniuliza umbo la nyuso 8 utalichoraje ubaoni likaeleweka.

Usilichore.

Jaribu kitu kidogo kesho. Chora mchemraba kwa namna tuliyofundishwa sote, mraba wa mbele na mistari mitatu ya kurudi nyuma, kisha mwite mtoto ahesabu. Atakuambia nyuso 3, kingo 9, vipeo 7. Mwalimu mwenye haraka atamrekebisha kwamba ni nyuso 6, kingo 12 na vipeo 8, na mtoto atazimeza namba hizo bila kuuliza, azitapike siku ya mtihani. Lakini mtoto huyo hana kosa. Amehesabu anachokiona. Mpe boksi la sabuni mkononi, aligeuze, atie alama ya chaki kwenye kila kipeo, uone kama atakutajia 7 tena.

Basi wiki moja kabla ya mada waambie walete maboksi, madukani hayakosekani. Utahitaji pia mikasi michache, rula, bikari na gundi. Gundi ikikosekana pika uji mzito wa unga wa ngano, unashika vizuri sana. Wewe mwenyewe kata nyumbani vipande vitatu vya mfano: pembetatu ya pande sawa, mraba na pembetano, kila kimoja kiwe na upande wa sentimita 6. Pembetano ikate kwa makini, kila pembe nyuzi 108, maana ikipinda kidogo tu umbo zima halifungi na watoto wataona ni uzembe wao. Wakiwa katika vikundi, watazungushia penseli vipande vyako na kukata vyao. Kwa kuwa kipimo ni kimoja darasa zima, kipande cha kikundi hiki kitaingia kwenye umbo la kikundi kile, na hapo ndipo wingi wao utakapokufaa. Umbo la nyuso 20 linataka pembetatu 20, na sijaona mtoto wa kuzikata zote peke yake bila kupeana zamu.

Sasa nisikilize vizuri. Watoto wakishakata, usianze na majina wala usianze na kanuni. Anza na kona moja.

Waambie walaze pembetatu tatu mezani, vichwa vyake vikutane mahali pamoja. Kila pembe ni nyuzi 60, kwa hiyo tatu ni 180, na limebaki pengo la nyuzi 180. Wainue vipande, wavute kingo mbili za pengo hadi zigusane, wabandike. Kona imesimama. Je, tukiweka nne? Zinafika 240, pengo ni 120, kona inafunga lakini imelala kidogo. Tano? Zinafika 300, pengo ni 60, kona imezidi kulala. Waulize sita, kisha nyamaza. Usiwasaidie hata kama mwalimu mkuu anapita dirishani. Watapanga, na sita zitajaza nyuzi 360 zote. Pengo hakuna, cha kuvuta hakuna, vipande vimebaki bapa juu ya meza. Wapo watakaolazimisha hadi boksi lichanike. Waache, hiyo nayo ni hesabu.

Wakitoka hapo mraba hautawapa shida: mitatu inafika 270 na inafunga, minne inafika 360 na imekwisha. Pembetano tatu zinafika 324, zimebakiza pengo jembamba la nyuzi 36. Nne ni 432, hazienei hata mezani. Pembesita tatu tayari ni 360. Kuanzia pembesaba kwenda mbele hata tatu hazikai pamoja. Wakihesabu kona zilizosimama watapata 5: tatu za pembetatu, moja ya mraba, moja ya pembetano. Ndiyo sababu maumbo sanifu hayazidi matano, yaani ya nyuso 4, 6, 8, 12 na 20. Kwamba yote matano yapo kweli, watayaona wakiyajenga hadi mwisho. Hoja hiyo hiyo ya kona ndiyo aliyofungia Mgiriki Euclid kitabu cha 13, cha mwisho katika Elementi zake, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Mtoto wako wa darasa la sita ataifikia kwa mkasi, na mwambie hivyo, asikie.

Kuna mtego mmoja uwawekee wale wepesi wa kunyoosha mkono. Chukua maumbo mawili ya nyuso 4, yabandike uso kwa uso. Unapata umbo la pembetatu 6, zote sawasawa. Waulize kwa nini hili halimo katika yale matano. Watatazama nyuso na hawataona kasoro. Waambie wahesabu pembetatu zinazokutana kwenye kila kipeo: vipeo viwili vina tatu tatu, vitatu vina nne nne. Kumbe nyuso kufanana hakutoshi, na kona nazo lazima zifanane. Mtoto aliyegundua hilo kwa kidole chake hatahitaji kukariri maana ya umbo sanifu.

Ukiona wamechangamka, usiyatupe mapengo. Waambie wachukue pengo la kipeo kimoja walizidishe kwa idadi ya vipeo. Mchemraba una pengo la 90 na vipeo 8, jibu 720. Umbo la nyuso 4 lina 180 mara 4, jibu 720. La nyuso 8 ni 120 mara 6. La nyuso 12 ni 36 mara 20. La nyuso 20 ni 60 mara 12. Kote 720! Hata lile la mtego, ukijumlisha 180 mbili na 120 tatu, unaangukia pale pale. Utasikia darasa linavyopiga kelele.

Kanuni hii ya mapengo iliandikwa na Mfaransa René Descartes katika karne ya 17, na karatasi zake zilipata misukosuko. Baada ya kufa kwake sanduku lililobeba miswada yake lilizama katika mto Seine, likaopolewa, karatasi zikaanikwa. Mjerumani Leibniz alinakili sehemu yenye kanuni hiyo mwaka 1676. Mswada wenyewe ulipotea, na nakala ya Leibniz ikaja kuchapishwa mwaka 1860. Wasimulie watoto, wanapenda habari za vitu kuzama. Kanuni ya Euler, ya vipeo kutoa kingo kujumlisha nyuso kupata 2, aliyomwandikia mwanahisabati mwenzake Goldbach mwaka 1750, waachie wiki inayofuata. Nayo ni nzuri, ila haielezi kwa nini kona inasimama, na ikitangulia hugeuka kuwa namba za kukariri.

Kisha toka nao nje na mpira. Si ule wa matambara wa chandimu, namaanisha mpira wa vipande vyeusi na vyeupe, wa aina iliyochezewa Kombe la Dunia kule Mexico mwaka 1970. Una pembetano nyeusi 12 na pembesita nyeupe 20. Kila kipeo kimo katika pembetano moja tu, kwa hiyo vipeo ni 12 mara 5, yaani 60. Kwenye kila kimoja zinakutana pembetano moja na pembesita mbili: 108 na 120 na 120, jumla 348, pengo 12. Kumi na mbili mara sitini, wazidishe wenyewe. Hapo waulize kwa nini mpira ni mviringo zaidi kuliko mchemraba, uone nani ataona kwamba kona yenye pengo la nyuzi 12 imelala zaidi kuliko yenye pengo la 90.

Mifano mingine unayo karibu. Chumvi ya mawe ukiitazama kwa lenzi utaona vijimchemraba. Almasi ghafi mara nyingi hukua na umbo la nyuso 8, na wewe uko mkoa huo huo wenye mgodi wa almasi wa Mwadui. Waliosoma Kenya miaka ya 1980 watakuambia habari za pakiti za maziwa ya Nyayo, yale ya kugawiwa shuleni, zilizokuwa na nyuso 4. Ukipata mirija ya soda na uzi, jenga mchemraba na umbo la nyuso 8, uvibonyeze: mchemraba utalala ubavu, lile la pembetatu litagoma. Mtoto wa fundi atakuambia mara moja kwa nini kenchi za paa zina pembetatu, tena atakueleza kuliko kitabu.

Utaambiwa unapoteza vipindi. Kweli mada itakula vipindi viwili au vitatu zaidi, na chumba kitajaa vipande vya boksi. Vipindi hivyo utavirudisha mbele, kwenye eneo la nyuso na ujazo, kwa sababu mtoto aliyekunjua boksi na kulilaza bapa hasahau kwamba lina nyuso 6 za kupimwa. Mimi nimefundisha mada hii kwa chaki na nimeifundisha kwa mkasi, na kwa chaki nilikuwa nairudia kila muhula.

Ukimaliza niandikie, na unitumie umbo moja la nyuso 12 walilolijenga wenyewe, hata kama limepinda.

Wasalaam,
Mjomba wako