Kisanduku cha Mwenye Punda

Kichiwa hakuna farasi. Msafiri aliyeshuka Makambako, pale reli ya TAZARA inapokutana na barabara kuu iendayo Zambia, akashika njia ya Njombe, atapita mashamba ya mahindi na viazi na miti ya mbao iliyopandwa kwa mistari. Na akikutana na mnyama wa mzigo, atakuwa punda. Hili halitokani na ufukara peke yake. Ipo maradhi ya farasi ya Kiafrika, ienezwayo na vijidudu virukavyo usiku, ambayo tangu kale imewaangusha farasi wengi walioletwa katika bara hili. Punda huambukizwa maradhi hiyo hiyo, naye kwa kawaida haugui hata mwenyewe akatambua. Basi atakaye kusema habari za maonyesho ya farasi katika nchi hizi hana budi ashuke kwanza, kisha apande punda.

Kushuka huko hakuna aibu, na msomaji wa visiwani analijua hilo kabla hajaambiwa. Bibi Salme binti Said, ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete, katika kumbukumbu zake alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, anasimulia jinsi wana wa Sultani walivyopewa farasi walipokwisha kujua kupanda, na mabinti wakapewa punda weupe wakubwa wa Maskati, ambao bei yao mara nyingi iliishinda ya farasi wa kawaida.

Na Lamu je? Huko, katika mji ambao vichochoro vyake havipitishi gari, punda hushindanishwa kwa njia mbili. Ya kwanza yajulikana na kila mgeni: mbio za wakati wa Maulidi na za tamasha la utamaduni, vijana wamepanda bila tandiko, umati umejipanga kando ya bahari ukishangilia. Ya pili haina kelele. Kituo cha tiba kilichofunguliwa huko mwaka 1987 na The Donkey Sanctuary, shirika la Uingereza, kimekuwa pia kikishindanisha punda kwa matunzo yao, na zawadi humwendea yule aliyelelewa vizuri kuliko wenzake. Mbio hazihitaji karatasi. Jicho latosha: huyu katangulia, yule kabaki nyuma, na asiyeridhika apige makelele yake mpaka achoke. Matunzo ni jambo jingine. Mwamuzi hutazama mgongo kama una vidonda vya kamba na shogi, huinua kwato, hufunua meno, hutazama macho. Kisha inampasa aandike, kwa kuwa akili haiwezi kuhifadhi migongo arobaini tangu asubuhi hata adhuhuri. Na lau angeweza, mwaka ujao nani angekumbuka kwamba kidonda cha bega la kushoto kilikuwa kikubwa zaidi, na sasa kimefunga?

Hapa ndipo kompyuta inapoingia, na inaingia kwa mlango wa ukarani. Uingereza, ambako chama cha watoto wapanda farasi, Pony Club, kiliundwa mwaka 1929, na Marekani pia, vipo vimaonyesho vidogo vya vijijini vinavyoendeshwa na watu wa kujitolea: mama mmoja mezani, baba mmoja langoni, mwamuzi katikati ya uwanja. Waingereza huviita baadhi ya vimaonyesho hivyo kwa neno walilotoka nalo Bara Hindi, gymkhana. Watu wa Dar es Salaam wanalijua neno hilo kwa klabu na uwanja wake wa gofu. Wachache hukumbuka kwamba huko Uingereza ni michezo ya watoto na vifarasi vyao.

Aliyewahi kukaa kwenye meza ile, au meza yoyote ya mashindano, anaijua taabu yake. Mshiriki mmoja akibadili kundi, jina lake lapaswa kufutwa mahali pane: katika daftari la usajili, katika orodha ya langoni, katika karatasi ya mwamuzi, katika hesabu ya ada. Likisahauliwa moja, mtoto huitwa uwanjani na mnyama asiye wake. Watengenezaji wa programu wakaiondoa taabu hiyo: jina huandikwa mara moja, likatokea kila linapotakiwa; nambari ya mgongoni hutolewa; alama hujumlishwa kwa kanuni iliyokubaliwa, na mwisho wa siku bingwa hujulikana bila ya watu wawili kugombana juu ya kujumlisha. Baadhi ya programu hizo huuzwa, nyingine hutolewa pasipo malipo. Na pale ambapo hata hizo hazipo, lahajedwali la kawaida lafanya sehemu kubwa ya kazi. (Lahajedwali: laha na jedwali zilizofungwa pamoja. Neno zuri, ingawa msomaji wa haraka husoma "lahaja" kwanza, akashangaa lahaja inatafuta nini katika mahesabu.)

Hiyo "pasipo malipo" inahitaji kusimamiwa kidogo. Kiingereza kina neno moja, free, kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu asiye mtumwa. Richard Stallman, Mmarekani aliyetangaza mradi wake wa GNU mwaka 1983, ametumia miaka mingi kuwaeleza watu wake kwamba anakusudia maana ya pili. Angalikuwa Mswahili asingepata taabu hiyo. Sisi tuna bure, na tuna huru. Na wafasiri wakatoa humo "programu huria", yaani ile ambayo mtu ana ruhusa kuifungua, kuitazama ndani, kuibadili na kumpa jirani. Tena bure yetu ina kivuli: kazi bure ni kazi iliyopotea. Programu iliyotolewa bure lakini imefungwa humpa karani wa kijijini visanduku alivyovikata mtu wa mbali, asiweze kuongeza hata kimoja. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika kutoka Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Wakati huo watu walikuwa wakibishana kama chombo chenyewe kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Wafasiri wale walikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Sasa na tudhani kwamba Kichiwa wanaamua kufanya maonyesho ya punda. Yasiwe makubwa kama ya Nane Nane kule uwanja wa John Mwakangale, Mbeya. Kiwanja cha shule, kamba ya katani, kompyuta kuukuu moja. Karani anafungua programu iliyotengenezwa kwa ajili ya farasi. Kisanduku cha kwanza chauliza kimo, kwa kipimo cha kiganja, inchi 4 kwa kila kimoja; asiyefika viganja 14 na inchi 2 Waingereza humhesabu kuwa kifarasi. Punda wote wa Njombe wangeingia humo wakabaki na nafasi. Hicho na kifutwe. Nasaba na kitabu cha ukoo, vifutwe. Makundi ya kuruka viunzi yabadilishwe: punda wa maji, punda wa viazi, punda mwenye mtoto. Iongezwe safu ya mgongo, na ya kwato.

Kisha anafika kwenye visanduku viwili vilivyokaa pamoja, naye anataka kufuta kimoja kwa kuona kwamba ni marudio. Kimoja chasema mmiliki. Cha pili chasema mwonyeshaji.

Asikifute. Katika wilaya ya Makete, milimani ndani ya mkoa huo huo, kuanzia mwaka 1985 Shirika la Kazi Duniani lilisaidia kuendesha mradi wa usafiri wa vijijini. Wale watu walihesabu safari za nyumbani ambazo hakuna aliyewahi kuziita safari: kisimani, kuni, shambani, mashine ya kusaga. Wakakuta kwamba sehemu kubwa ya mzigo wa wilaya nzima ilikuwa juu ya vichwa vya wanawake. Mradi ukatengeneza njia za miguu na kuhimiza punda. Lakini punda, kama ng'ombe, ni mali. Na mali ikifika mlangoni huulizwa baba mwenye nyumba. Daftari la kawaida la kijiji lina safu moja tu: mwenye punda. Atakayeitwa kupokea zawadi ya matunzo ni yule ambaye jina lake limo katika safu hiyo, hata kama aliyemfunga kamba asubuhi, akampangusa mgongo na kuweka gunia kuukuu chini ya mzigo ili asichubuke, ni mwingine, naye yuko nyuma ya kamba ya katani pamoja na watazamaji.

Waingereza walitenga visanduku hivyo kwa sababu zao, kwa kuwa tajiri hununua farasi na binti wa watu humwonyesha. Hawakuwa wakimfikiria mke wa mtu Kichiwa. Hata hivyo visanduku vipo, na programu hujumlisha alama kwa chochote itakachoambiwa ijumlishe. Karani anaweza kuamuru kwamba ushindi wa matunzo uhesabiwe kwa jina la mwonyeshaji. Ni amri ya mstari mmoja. Itamletea maneno jioni, na huenda mwenyekiti akataka kuiona hiyo kompyuta.

Kilichobaki ni jina la mnyama. Programu za farasi huwa hazikubali kuendelea kisanduku hicho kikiwa kitupu. Mama wa kwanza kwenye foleni akiulizwa punda anaitwa nani, atamtazama karani kama mtu anayefanya mzaha. Anaitwa punda. Karani atarudia swali, kidole kikiwa juu ya kibodi, na foleni nyuma itaanza kucheka na kumsaidia mama kutafuta.