Chokaa Juu ya Mkaa



Baada ya darsa, kina mama kadhaa wameniuliza la kufanya na kuta zilizochorwa na watoto, kwa kuwa Idi iko njiani na kila nyumba yataka kung'aa. Nitalijibu swali lao, ingawa jibu lenyewe nimelipata kwa njia isiyonipendeza.

Mkaa haufutwi kwa maji. Ukiupitishia kitambaa kibichi, masizi huenea na doa likazidi kuwa kubwa. Kwanza ukung'utwe kwa brashi kavu. Krayoni ina nta, na nta haikubali chokaa, basi ikwanguliwe kwa kisu butu kisha pasuguliwe kwa msasa. Wino wa kalamu ndio mkaidi zaidi, kwani hujitokeza tena juu ya rangi ya maji, ila utangulize mkono mmoja wa rangi ya mafuta. Chokaa iroweke usiku kucha, uichuje, utie chumvi kidogo ipate kushika; nasi watu wa Marafa chumvi ya Gongoni haiko mbali nasi. Mtoto asiikoroge, kwani huunguza macho.

Haya yote niliyajua, wala sikuyafuata.

Kabla ya Ramadhani nilipaka kuta za baraza yetu. Siku ya tatu mjukuu wangu, mwenye umri wa miaka sita, akazichora kwa mkaa wa jikoni na kijiwe chekundu cha Nyari, lile korongo letu ambalo wageni huja kulitazama jua likitua. Niliona mistari, sikuona picha. Nikamfokea mbele ya wanafunzi wenzake wa madrasa, nikachovya brashi na kupaka papo hapo, mkaa ukiwa bado pale pale.

Usiku ule mama yake akapiga simu kutoka Riyadh. Binti yangu yuko huko kwa mkataba wa miaka miwili, akitumikia nyumba ya watu. Wazazi wengi wa pwani hii wanaifahamu hali hiyo. Mtoto aliikataa simu kwanza, kisha akaishika na kusema: "Mama, Babu amekufuta."

Nikamwuliza bibi yake, mtoto alikuwa amechora nini. Akanijibu: ndege, na mwanamke mwenye buibui aliyeshika begi. "Hakumtia uso," akasema, "maana wewe Sheikh ndiye uliyewafundisha wasichore nyuso."

Sikulala. Nimesomesha miaka mingi hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) na wanasesere wake, miongoni mwao farasi mwenye mbawa za vitambaa. Mtume (s.a.w.) alipomwona farasi yule aliuliza ni nini, akajibiwa kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa, akacheka hata magego yake yakaonekana. Aliuliza kwanza. Mimi sikuuliza neno.

Katika Ngome ya Yesu, Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, umo ukuta ambao watu wao waliuchora merikebu na samaki kwa rangi nyeusi na nyekundu. Umehifadhiwa hadi leo, na watu hulipa kiingilio kuuona. Nadhani waliochora walikuwa mbali na kwao na walikuwa wakikifikiria chombo cha kuwarudisha. Hao walikuwa watu wazima wenye silaha, si mtoto wa miaka sita.

Asubuhi nilimwomba radhi mtoto mbele ya wale wale niliomfokea mbele yao. Ulimi ulikuwa mzito, sitaficha. Kisha nikajaribu kuikwangua ile chokaa, ikatoka pamoja na lipu, na picha haikuonekana. Nikaziba mashimo, nikapaka upya. Nyuma ya jiko nikamkandikia ukuta mzima kwa udongo, nikamwambia ni wake. Mpaka leo hajauchora.

Sasa mvua zimeanza. Chokaa ikilowa unyevu huonyesha kilicho chini yake, na barazani kimetokea kivuli cha kijivu, kimo cha kifua cha mtoto. Bibi yake ataka niongeze mkono mwingine wa chokaa kabla ya wageni wa Idi. Nimemwambia asubiri.

Mtoto alikiona kivuli kabla yangu. Aliweka kiganja chake juu yake, akauliza mkataba wa mama umebakisha miezi mingapi. Tukahesabu pamoja kwa vidole, vya kwake na vya kwangu. Kumi na minne.