Mgeni Asiyemfukuza Mwenyeji

Mjukuu wangu alitaka kujifunza Linux, na kompyuta ni ya nyumba nzima. Dada yake anaandikia humo kazi za chuo, mama yake anaweka humo hesabu za mchele. Nilidhani atafuta Windows, nikamkataza. Akanijibu, "Babu, sifuti kitu. Huyu Linux anaingia kama mgeni."

Nikavuta kiti. Faili la Ubuntu, aina mojawapo ya hiyo Linux, lilikuwa limeteremka milima ya Ngomo mfukoni mwa abiria, ndani ya fleshi, maana kulipakua kwa megabaiti za simu hapa Kamanyola, mpakani, ni hela nyingi mno. Ubuntu! Ng'ambo ya mto Ruzizi watu hulitamka neno hilo vivyo hivyo, na tangu 2004 linazunguka dunia nzima.

Akafungua VirtualBox, programu ya bure, akaunda mashine isiyo na chuma wala waya. Katika gigabaiti 8 za RAM akampa mgeni 4. Akamkatia na 25 za diski. Kwa Windows hizo 25 ni faili tu kama mafaili mengine, lakini mgeni aliye ndani anaamini ana diski nzima, yake peke yake. Alipowasha, ikagoma. Kijana akazima, akaingia kwenye BIOS, akaruhusu prosesa ibebe mashine ndani ya mashine, akarudi. Ubuntu ilipokwisha kusimama, akahifadhi picha ya hali yake. Kisha akafuta mafaili ya mfumo wenyewe, makusudi kabisa. Linux ikafa mbele ya macho yangu. Akarejesha ile picha, ikaamka kama haijaguswa, na hesabu za mchele hazikutikisika.

Usiku ule nilichelewa kulala.

Sisi tuliozaliwa kabla ya uhuru, kila kipya tulikipokea kwa kufutiwa cha zamani. Mwaka 1971 nchi yetu ikaitwa Zaire. Mwaka 1972, nikiwa na miaka 20, tukaamriwa tuache majina ya ubatizo. Mwaka 1997 Zaire nayo ikafutwa, na mwaka uliofuata tukapewa pesa nyingine, faranga. Hakuna aliyetuhifadhia picha ya kurudia. Mkono wangu ukisita juu ya kompyuta, si uzee unaousitisha.

Wazee wenzangu husema watoto hawa hawana mizizi, leo hili kesho lile. Sikubaliani nao. Mtoto wa mpaka huu anasalimia kwa lugha tatu kabla hajaota meno ya ukubwani, na hakuna inayoifukuza nyingine. Ninachokihofia ni kingine. Mgeni hula cha mwenyeji: mifumo yote miwili ikifanya kazi pamoja, feni inavuma, kipanya kinakwama, betri inakwisha kabla umeme haujarudi. Vijana hawa wana kichwa cha kubeba dunia mbili, lakini tumewaachia RAM ya dunia moja, na umeme wa nusu siku. Hilo ni deni letu, wala tusiliite uvivu wao.

Juzi akaniundia akaunti mle ndani ya mgeni. "Niandike jina gani, Babu?" Nikamwambia aandike yote mawili, la ubatizo kwanza.