Pedali Bapa

Wenzangu ninaoendesha nao msitu wa Karura hunasisha viatu kwenye pedali, kwa! kama mlango wa matatu. Wanasema ningepanda vilima kwa nguvu zaidi. Sibishi. Lakini nalea mtoto peke yangu, na goti la kulia limeshashonwa. Ule udongo mwekundu ukilowa, nataka mguu ufike chini kabla sijafikiri.

Kwa hiyo bapa. Rangi niliwaachia wenye pesa; mimi niliangalia pini. Zikiwa ndefu, za kufungua na kubadilisha, hung'ata soli hata baiskeli ikirukaruka juu ya mizizi. (Ukiteleza hung'ata na muundi. Wangu una alama tatu.) Katikati pabonyee kidogo, unyayo utulie. Nikachukua za nailoni: bei nafuu kuliko alumini, na zikigonga jiwe huchubuka tu. Kiatu nacho kiwe na soli bapa ya raba laini. Cha kukimbilia, chenye matuta, hakishiki vizuri.

Ya kushoto hukazwa kinyume cha saa. Fundi alinisimamia hadi nikaikaza mwenyewe.

Jumamosi mvua ilinyesha. Nikashusha visigino, nikaachilia breki.