Dohani ipo, mbona moshi unarudi jikoni?

Ukitoka Bukoba jioni kwenda Muleba, baada ya Kemondo utaona moshi ukipenya kwenye mapaa ya majiko katikati ya migomba. Ndizi na maharage viko motoni. Kwenye nyumba moja niliyoingia, jiko la matofali lilikuwa na dohani, lakini moshi ulitokea mdomoni, usoni kwa mama na mtoto wa mgongoni, anayekohoa.

Dohani ilikuwa fupi, imeishia chini ya kilele cha paa, na upepo ukausukuma moshi urudi ndani. Irefushwe ipite kilele. Kwangua masizi, ziba nyufa kwa udongo, anika kuni za mkaratusi chini ya paa mapema. Mvua za Kagera mnazijua. Asubuhi dohani ikiwa baridi, washa kwanza majani makavu ya mgomba chini yake: hewa ya moto ikipanda, huvuta moshi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5. Mwanao akikohoa huku anapumua haraka au kifua kinabonyea ndani, usingoje kesho. Mpeleke kituo cha afya.