Safari ya Mida: tulienda kutazama ndege



Mlipotutuma sisi watatu kwenda pwani ya Kenya, kuna waliouliza kwenye mkutano: pesa ya sanduku itoke kwa ajili ya kuangalia ndege? Swali lilikuwa la haki. Tulilibeba njia nzima, tangu bariyeri ya Gatumba, Bujumbura, Dar es Salaam, mpaka Mombasa. Sasa tunatoa habari.

Wengine waliuliza pia kwa nini tusiende kwenye bahari ya nchi yetu. Bahari tunayo, kule Muanda, kipande cha kilomita 40 hivi, na mikoko yake imelindwa kama hifadhi tangu 1992. Lakini ukitoka hapa Uvira, Mombasa iko karibu kuliko Muanda.

Mida ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, karibu na Gede na Watamu, kilomita 100 hivi kaskazini ya Mombasa. Mlango wake ni mwembamba, ndani panapanuka, na pembeni pote ni mikoko, miti inayosimama ndani ya maji ya chumvi juu ya mizizi kama miguu mingi. Nyuma yake, upande wa bara, kuna msitu wa Arabuko-Sokoke. Wenyeji wengi ni Wagiriama.

Tulianza kwa kosa. Tulifika saa tatu asubuhi, maji yamekupwa. Sisi ni watu wa ziwa: Tanganyika ukiliacha jioni unalikuta asubuhi pale pale. Kule tulikuta matope mpaka mbali, na ndege ni nukta tu. Tukamuuliza kijana kiongozi, "Iko wapi ndege?" Akacheka kidogo kwa Kiswahili chetu, kisha akasema kwa heshima, "Mama zangu, kwanza mngeuliza saa ya maji."

Ikabidi kungoja. Tulikwenda Dabaso, ng'ambo si mbali, ambako kikundi cha wenyeji kina mkahawa juu ya mikoko na kinauza sambusa za kaa. Mmoja wetu ni Msabato. Yeye alikula viazi na kututazama kwa huruma. Wawili tulikula, na tunasema kweli, ni tamu.

Saa nane maji yalikuwa yanarudi. Kuna daraja la mbao na kamba linalopita katikati ya mikoko mpaka kwenye kibanda cha kutazamia. Linatikisika, na mwenye kizunguzungu ashike kamba vizuri. Lakini ukifika mwisho unaelewa kwa nini saa ni muhimu. Maji yakipanda, matope yanapungua, na ndege wote waliotawanyika wanasukumwa karibu karibu, mpaka wanasimama mbele yako kama watu wanaongojea kivuko.

Wengi walikuwa wadogo, rangi ya vumbi, mdomo umepinda kidogo. Kiongozi alisema wanazaliwa kaskazini kabisa ya Siberia, na kila mmoja ana uzito kama yai la kuku. Wanaanza kufika mwezi wa nane, wanashinda hapo wakichokora minyoo matopeni, na kabla ya kuondoka mwezi wa nne wamenenepa na kugeuka rangi ya matofali.

Halafu alitugeuzia darubini upande mwingine. Tuliona ndege mkubwa zaidi, mweupe na mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene. Huyu hula kaa, nasi tukamwita mla-kaa. Hatoki Siberia. Anazalia kwenye fukwe na visiwa vya Oman, Ghuba, Bahari ya Shamu na Somalia. Huchimba shimo mchangani, humo anataga yai moja tu, na joto la mchanga linamsaidia kuliatamia. Mtoto akikua anaruka na wazazi safari yote mpaka Afrika. Na hapo Mida, baada ya safari hiyo, bado analishwa.

Tulimwona. Alikuwa kijivujivu, mkubwa karibu sawa na mzazi, anamfuata nyuma akilia bila kuchoka. Mzazi alivuta kaa kutoka tundu, akamtingisha mpaka miguu ikakatika, akampa mtoto. Hatujui kama alikuwa mama au baba, maana wote wawili hulisha. Mmoja wetu, aliyewahi kuvuka mpaka akiwa na mtoto mgongoni, alitazama muda mrefu, akarudisha darubini bila kusema neno.

Sasa tuje kwenye pesa. Mgeni hulipa ili apite darajani, na malipo hayo yanaingia kwenye programu inayoitwa ASSETS, iliyoanzishwa na A Rocha Kenya mwaka 2001. Inasaidia minervali ya sekondari kwa watoto wa familia zinazoishi kandokando ya msitu na Mida. Wazazi nao wana wajibu wao, wanapanda miti na kutunza msitu.

Tusidanganyane: Mida iko karibu na hoteli za Watamu, na Uvira haina watalii wa kulipa. Daraja kama lile halitatulipia shule kesho. Lakini tulirudi tukijua kitu ambacho hatukukiona tukiwa nyumbani. Yule ndege mdogo anayetikisa mkia kwenye mawe ya ziwa, ambaye watoto wanampiga kwa manati, naye ni mgeni kutoka Ulaya au Asia. Na matete ya mlango wa Ruzizi, tunayoyakata kila siku, wageni kama hao hutua humo. Hilo la matete tunaomba lijadiliwe.

Hesabu ya safari, pamoja na tiketi zote, iko kwa mama mweka hazina, kila mwanachama anaweza kuiona. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tutatembea ukingoni kuwatafuta wale wenye kutikisa mkia. Njooni na watoto, na manati zibaki nyumbani.